Hereni Katika Kopo la Vumbi

Kopo lilikuwa limeoshwa. Lilikuwa limepinduliwa juu ya dirisha la karakana, maji yakichuruzika ukingoni, na Mama Chiriku alipofika mlangoni na kikombe cha chai cha mumewe akaliona, alisimama pale pale kabla akili haijajua kwa nini.

Kopo lile halikuwa la kuoshwa. Lilikuwa kopo la zamani la maziwa ya unga, maandishi yake yalishafutika kwa kushikwashikwa, na mumewe, aliyekuwa sonara tangu ujana wake, alitia humo kila kilichodondoka kazini: unga wa tupa, vumbi la msasa, vipande vya waya, hata vitambaa vya kung'arishia vilivyochakaa, kwa sababu kitambaa cha sonara hunyonya dhahabu kidogo kidogo kila siku. Akifagia chini ya meza, taka zilikwenda koponi. Siku moja mkewe alimtania kwamba na kucha zake akizikata azitie humo, huenda nazo zina dhahabu. Mzee akafikiri kidogo, akazitia kweli.

Likijaa ndipo vilivyomo vilipoyeyushwa, na kujaa kwake kulichukua miaka. Safari hii lilikuwa halijafika hata nusu. Ndiyo maana Mama Chiriku aliliamini.

"Mbona umeliosha?" aliuliza.

"Kaa kwanza," mumewe alisema. Alikuwa anatabasamu, na tabasamu hilo mkewe hakuwa ameliona tangu msiba. "Nilitaka nikufiche mpaka Jumamosi, lakini wewe hufichwi kitu. Pua yako kama ya paka."

Akafungua kiganja. Katikati ya mikunjo yake lililala donge la dhahabu, dogo kama punje ya kunde iliyovimba, lina joto la kiganja chake.

"Nimeyeyusha jana na juzi, ulipokuwa umelala mchana. Nikasema mjukuu wangu hawezi kutoka nyumba hii mkono mtupu, na babu yake ni sonara. Nitampigia bangili. Nyembamba, lakini safi. Nimeitoa fedha yote, shaba yote. Tazama rangi hiyo."

Mama Chiriku hakutazama rangi. "Mle ndani mlikuwa na kitambaa," alisema.

"Vitambaa vilikuwa vingi."

"Chenye fundo."

"Navichoma vyote kwanza, si unajua? Natia moto, majivu ndiyo nayachuja." Akamtazama mkewe usoni kwa mara ya kwanza tangu aingie. "Fundo la nini?"

"Nilifunga hereni za Chiriku."

Chiriku alikuwa binti yao wa pekee. Jina hilo alipewa na majirani kabla hajajua kutembea, kwa sababu ya kupiga domo tangu alfajiri, na lilimganda hivyo hivyo mpaka akaolewa, mpaka akazaa, mpaka homa ile ilipomchukua kwa siku chache tu. Hospitalini muuguzi mmoja ndiye aliyezivua hereni masikioni mwake. Hakuziweka juu ya meza pamoja na viatu na nguo. Alizileta mwenyewe, akazitia katika kiganja cha Mama Chiriku, akavikunja vidole vyake kimoja kimoja, akasema, "Zishike mama, zisije zikakupotea." Mama Chiriku hakumjua yule msichana, wala hakumwona tena, lakini mkono wake aliukumbuka ulivyokuwa na joto.

Nyumba ikajaa watu. Waliokuja kusaidia walifungua kila kabati, huyu akitafuta shuka, yule vijiko, na kila mtu alikuwa na nia njema. Mama Chiriku akawaza mahali ambapo hakuna mkono wa mtu utakaoingia. Akararua kipande cha kitambaa kikuukuu, akazifunga fundo, akalisukuma mpaka chini kabisa ya vumbi la kopo. Alijisemea kwamba atazitoa siku ya kumuaga mjukuu, amvalishe mwenyewe. Mjukuu alikuwa na miaka mitano, na upande wa baba yake ulikuwa umeamua akalelewe na shangazi yake mji wa mbali, karibu na shule, kwa watu wenye nguvu za kumkimbiza. Hakuna aliyelipinga hilo. Babu alikuwa haoni vizuri na bibi magoti yalikuwa yameshamchoka. Shangazi angekuja Jumamosi.

Kwa hiyo kitambaa chenye fundo kilikaa pamoja na vitambaa vingine, cheusi kama vyenyewe, na sonara alivikusanya vyote akavitia moto. Kisha alipitisha sumaku juu ya majivu kutoa unga wa chuma wa misumeno. Kisha alichemsha kwa asidi, akasuuza, akachemsha tena. Kisha akatia katika chungu cha kuyeyushia pamoja na ule unga mweupe wa kusafishia, akapuliza moto mpaka kila kitu kikawa tone moja linalocheza. Alifanya kama alivyofundishwa, hatua kwa hatua. Macho yangekuwa yale ya zamani, angeona kitu kikimetameta ndani ya majivu.

Akaliweka donge juu ya meza taratibu, kana kwamba limeanza kumuunguza.

Hakusema, "Kwa nini uliziweka humo?" Mkewe naye hakusema, "Kwa nini hukutazama?" Maneno hayo mawili yalisimama katikati yao kama wageni waliokuja bila hodi, na hakuna aliyewapa kiti. Hatimaye mzee alisema, "Chai yako inapoa," ingawa chai ilikuwa yake.

Mchana huo Mama Chiriku alikaa nyuma ya nyumba akichambua maharage. Chumba cha uani alikuwa amepanga kijana mwalimu wa sayansi, mtu mrefu mwenye mashati mawili, ambaye kila alasiri aliwakusanya watoto wa mtaani barazani akawafundisha bila kudai kitu. Tangu msiba alikuwa amejitwisha kazi ya kuteka maji ya nyumba nzima. Hakuomba ruhusa wala hakushukuriwa. Ndoo zilijaa tu.

Siku hiyo alikuwa amepanga mabeseni matatu na kapu la vitu vya nyumbani.

"Beseni la kwanza elementi," alikuwa anasema. "Elementi ni kitu kimoja tupu. Ukivunje, ukisage, ukigawe mpaka kisionekane kwa macho, bado ni kilekile. Kama nini?"

"Waya wa shaba," mtoto mmoja alijibu.

"Weka. Beseni la pili kampaundi. Hizi ni elementi zilizooana. Zikishaoana huzitambui tena. Chumvi hii imetoka kwa vitu viwili ambavyo kila kimoja peke yake kingekuua, lakini vimeoana na mama yako anavitia mchuzini."

"Hata nyumbani kwetu baba na mama ni hivyo hivyo," mtoto mwingine alisema, na baraza lote likacheka.

"Hayo usiyaseme kwangu, nitaletewa kesi. Beseni la tatu mchanganyiko. Hawa hawakuoana. Ni wapangaji wa nyumba moja. Kila mtu ana tabia zake na ufunguo wake. Leo wako pamoja, kesho ukitaka unawatoa mmoja mmoja. Mchanga na unga wa chuma, unafanyaje?"

"Sumaku."

"Chumvi na mchanga?"

"Unatia maji, unachuja."

"Na wewe mwalimu, uko beseni gani?"

"Mimi mchanganyiko. Maji mengi, iliyobaki njaa."

Mama Chiriku hakucheka. Mikono yake ilikuwa imesimama juu ya ungo. Alitazama maharage upande mmoja na vijiwe upande wa pili, kazi aliyoifanya maisha yake yote bila kuipa jina, na kitu kikamwinuka kifuani. Akangoja watoto waondoke. Ndipo akamwendea mwalimu, unga wa maharage ukiwa bado vidoleni.

"Mwanangu, umesema mchanganyiko unatoka?"

"Unatoka, mama. Kuna njia nyingi."

"Hata kama umepita moto?"

"Inategemea. Ni nini na nini vilivyochanganyika?"

Akamweleza. Kopo, kitambaa, hereni, donge. Alieleza haraka haraka, kama mtu anayemweleza daktari dalili zinazoelekea kupona. "Hazikuoana," alisema. "Wewe mwenyewe umesema. Zilikaa tu pamoja na lile vumbi. Ni wapangaji."

Mwalimu aliinama akaanza kuokota vitu kutoka mabesenini, waya, msumari, kijiko cha sukari, akivirudisha kapuni kimoja kimoja, kwa uangalifu ambao vitu hivyo havikuhitaji.

"Mzee ndiye fundi," alisema mwishowe. "Tumuulize mzee."

Mama Chiriku alishatangulia. Alivuka ua kwa mwendo ambao magoti yake yalikuwa hayajaufanya siku nyingi.

"Baba Chiriku. Ule ni mchanganyiko. Si ulitoa fedha? Si ulitoa shaba? Basi toa na za mtoto."

Mzee alikuwa amekaa mezani bila kuwasha taa ya kazi. Donge lilikuwa pale pale alipoliweka asubuhi. Alimsikiliza mkewe mpaka mwisho, na aliposikia neno hilo, toa, alifumba macho.

"Fedha niliitoa kwa kuwa asidi inaila fedha na kuiacha dhahabu," alisema. "Shaba hivyo hivyo. Chuma kinaifuata sumaku. Kila kitu nilikitoa kwa kile kinachokitofautisha na dhahabu. Sasa niambie, mke wangu. Dhahabu ya Chiriku nitaitoa kwa nini? Inapenda nini ambacho nyingine haikipendi?"

"Ilikuwa yake."

"Ilikuwa yake."

"Aliivaa tangu msichana."

"Najua. Nilimvalisha mimi. Alipiga kelele mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini."

Mama Chiriku alimgeukia mwalimu, aliyekuwa amesimama kizingitini bila kuingia. "Mwambie. Wewe umesoma. Mwambie iko njia."

Kijana yule angeweza kudanganya. Angeweza kusema kwamba katika miji mikubwa kuna mashine, na mama yule angemwamini, angekaa akingoja mashine hiyo mpaka siku yake ifike. Alivua viatu, akaingia, akachuchumaa karibu na kiti chake ili asimtazame kutoka juu.

"Mama, mchanganyiko ni wa vitu tofauti. Mle mwote sasa mna kitu kimoja. Dhahabu ya hereni na dhahabu ya vumbi hazijachanganyika kama mchanga na chumvi. Ni elementi moja. Hakuna beseni la kuitengea hii na ile. Hata chembe zenyewe zingeulizwa, zisingejua ipi ilitoka wapi."

"Zisingejua," Mama Chiriku alirudia.

"Lakini haikupotea, mama. Hiyo naweza kukuapia. Yote imo. Imesambaa. Ukikata popote katika donge hilo, sehemu yake utaipata."

"Nitaijuaje?"

Mwalimu akatazama mikono yake. "Hutaijua," alisema.

Hakuna aliyemlaumu kwa kusema kweli. Baadaye jioni aliwaletea mkate, akauacha mlangoni, akagonga, akaondoka kabla hawajafungua.

Siku iliyofuata mzee aliacha habari ya bangili. Alisema atazipiga hereni upya, zile zile, kutoka donge lile lile. Kama Chiriku yumo, basi na arudi katika umbo lake. Alitoa kalamu ya risasi na kipande cha boksi.

"Lilikuwa ua," alisema, akachora duara. "Majani matano."

"Manne," Mama Chiriku alisema.

"Matano. Nilikuwa napenda kupiga matano siku hizo."

"Wewe ulipiga hereni za mji mzima. Mimi nilimsuka nywele kila wiki, zikinikwaruza vidole. Manne. Na katikati palikuwa na tundu."

"Palikuwa na kidoti, si tundu. Kidoti kimeinuka."

Walitafuta picha. Zilikuwa chache, na katika kila moja Chiriku alikuwa ameinamia mtu, au anacheka kichwa kikiwa kando, au nywele zimefunika, maana hakujua kutulia hata mbele ya kamera. Katika moja sikio lilionekana wazi, na penye hereni palikuwa na nukta ya mwanga tu.

Mama Chiriku alichukua kalamu akachora alichokumbuka. Mara alipokimaliza, hakukiamini. Akachora kingine. Kadiri alivyochora ndivyo lile ua la kweli lilivyozidi kujificha nyuma ya maua ya kalamu, mpaka akaiweka kalamu chini kwa hofu, akaona akiendelea hata hicho kidogo kitamtoka. Alikuwa ameziona hereni zile kila siku, miaka na miaka, na hakuwahi kuzitazama. Nani hutazama? Zilikuwa sikioni mwa mtoto wake, naye alikuwa akimtazama mtoto.

"Basi zipige wazi tu," alisema. "Bila ua."

"Wazi?"

"Tukipiga ua la uongo, litakuwa ndilo ninalolikumbuka."

Mzee alikubali kwa kichwa. Alizipiga taratibu, vikombe viwili vidogo visivyo na nakshi yoyote, vimesuguliwa mpaka vikatoa mwanga mtulivu. Mkewe alitaka atumie donge lote ili wasiache kitu cha Chiriku nyuma. Akamweleza kwa upole kwamba masikio ya mtoto mdogo hayawezi kubeba uzito huo, yatachanika. Kilichobaki alikitia ndani ya droo, na tangu hapo walifungua droo za juu na za chini, ile hawakuigusa.

"Utamwambia ni za mama yake," mzee alisema usiku wa kuamkia Jumamosi, wakila. "Si uongo mkubwa."

"Sijui nitamwambia nini," alijibu.

Shangazi alifika mapema. Alikuwa mwanamke mnene mpole, macho yamevimba kwa safari, na aliingia akiwa amevua viatu tangu nje. Alileta mto mdogo wa kulalia garini, mpya, akasema aliushona mwenyewe. Hakukaa kiti cha Chiriku karibu na dirisha, ingawa hakuna aliyemwambia ni chake. Mama Chiriku aliyaona yote hayo, na alitamani mwanamke yule angekuwa mbaya, apate pa kuegemeza moyo wake.

Mjukuu alikuwa tayari, nguo zimepigwa pasi, nywele zimesukwa.

"Mchumba," babu alimwita, kama alivyomwita siku zote, "njoo uone kazi ya mchumba wako."

Bibi akamketisha mapajani akazitoa hereni katika kikaratasi. Mtoto alizitazama kwa makini, kichwa kimeinama.

"Ni zangu?"

"Ni zako."

"Mama ana zake," mtoto alisema. "Zake zina ua."

Mzee, aliyekuwa amesimama nyuma ya kiti, alishika mgongo wa kiti hicho. Mama Chiriku alijikuta akiuliza kwa sauti ndogo, haraka, kama mtu anayeiba. "Ua lenye majani mangapi, mama? Unakumbuka?"

Mtoto akafurahi kuulizwa. Akanyoosha vidole akaanza. Moja, mbili, tatu, nne. Mama Chiriku akazuia pumzi. Tano. Sita. Mtoto aliendelea, akabadilisha mkono, akafika kumi, akasimama hapo kwa sababu hapo ndipo hesabu yake ilipoishia, akawatazama wote akisubiri sifa.

"Anajua kuhesabu," shangazi alisema, akijitahidi kutabasamu.

"Anajua sana," bibi alisema.

Akamvalisha ya kulia, kisha ya kushoto. Vidole vyake vilikuwa vizito, akakosea tundu, na mtoto hakulia. Alivumilia tu, akimshika bibi yake mkono kana kwamba bibi ndiye anayetobolewa.

"Na zile za mama ziko wapi?"

Mzee alimtazama mkewe, na macho yake yalikuwa yakimsihi aseme lile neno jepesi. Mama Chiriku alijua kwamba akilisema, mtoto atalibeba maisha yake yote na litamfaa. Lakini ulimi ulikataa. Mtoto alizijua za mama yake. Hizi hazikuwa zenyewe, na pengine mtoto huyu ndiye mtu wa mwisho duniani aliyekuwa bado anazijua.

"Zimo humo," alisema.

"Humu?"

"Humo ndani ya hizi. Babu aliziyeyusha pamoja."

Mtoto aliivua moja mwenyewe, kwa shida, akaisogeza karibu na jicho mpaka kope zikaigusa. Aliigeuza huku na huku. Alifumba jicho moja kama alivyomwona babu akifanya mezani. Alikaa akichungulia hivyo muda mrefu, kwa imani kubwa, na hakuna mtu mzima aliyeweza kumwambia aache.

"Sizioni," alisema.

"Hata mimi sizioni, mama," bibi alisema.

Mtoto akafikiri. Kisha akamrudishia bibi hereni ili amvalishe tena, akateremka mapajani, akaenda kumpa shangazi mkono. Mwalimu alikuwa ameshabeba sanduku mpaka garini. Wazee walisimama kwenye ngazi wakipunga mikono hadi gari likakata kona, na baada ya hapo waliendelea kusimama, kwa kuwa kuingia ndani kulihitaji mmoja wao aanze.